Meza ya Mtu Mmoja

Kesi ya sahani ililetwa ofisini kwangu na waziri wa chakula wa serikali ya wanafunzi, akiwa na shahidi na kielelezo. Kielelezo kilikuwa sahani yenyewe, ya plastiki, ya bluu, ina makande yaliyokauka ukingoni. Aliiweka juu ya meza, karibu na chai yangu ya tangawizi, akarudi nyuma kidogo kama wakili. Sisi Wapare tunasifika nchi nzima kwa kupenda kesi. Watani wetu husema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Mimi ni Mpare wa Myamba, kwa hiyo nilisogeza chai pembeni nikamwambia aendelee.

Shtaka lilikuwa rahisi. Sheria ya bwalo inasema sahani hazitoki nje, na kuna mwanafunzi alikuwa anatoka nayo kila mlo. Mshtakiwa ni kijana wa Kimaasai wa mwaka wa kwanza, Mmaasai pekee kati ya wanafunzi wetu muhula ule. Akishapakuliwa, haketi. Anapitia mlango wa nyuma na sahani yake mpaka kwenye uzio. Zamani alikuwa anairudisha tupu, lakini siku hizi anairudisha na chakula karibu chote.

"Mimi ni mtu wa Kwakoa, mwalimu," waziri alisema. "Nimekua na Wamaasai, nawajua. Yule anatudharau. Hataki kukaa na sisi, na makande yetu hayataki."

"Umemuuliza?"

"Nimuulize nini wakati nawajua?"

Nina ugonjwa wa kutaka kujua, na sijawahi kuutafutia dawa. Nilipokuwa mdogo mama alikuwa akinituma chumvi kwa jirani, narudi na habari za nyumba nzima, chumvi nimeisahau. Kwa hiyo kesi ile ilinipendeza kuliko ilivyostahili. Mtu anatoka na chakula, anarudi na chakula. Huko uziuni kulikoni?

Tena ilinijia kwa wakati wake. Mbali na kufundisha, nilikuwa mshauri wa wanafunzi, na mkuu wa chuo alikuwa amenipa kazi mpya: nitengeneze mpango wa kuwakutanisha wanafunzi wa makabila na dini zote. Chuo chetu kiko Same mjini, chini, kwenye vumbi na upepo, na watoto wanatujia kutoka kila upande. Hakukuwa na ugomvi. Bwaloni wa Tanga walikaa na wa Tanga, Wasukuma na Wasukuma, wa milimani kwetu na wa milimani, wote wakipishana kwa "samahani" na "asante". Ilikuwa adabu tupu, na adabu bila mazoea ina baridi kama asubuhi ya Myamba mwezi wa Julai.

Niliunda kamati. Mwenyekiti wake alikuwa binti wa Kighare, huko Ugweno, mwenye macho makali na ulimi unaolingana nayo. Siku ya kwanza tu nilimtania kwamba Kigweno chao ni Kichagga kilichopotea njia. Akanijibu kwamba Chasu, Kipare chetu, ni Kigweno kilichoshikwa na mafua. Nikajua tutafanya kazi.

Suala la sahani nililipeleleza mwenyewe. Niliwauliza wapishi, nikawauliza aliolala nao chumba kimoja, nikamuuliza mlinzi wa geti la nyuma. Wapishi walisema ni mpole, hushukuru akipakuliwa. Wenzake wa chumbani walisema ni msafi, anajua hesabu, haongei sana. Mlinzi alikuwa mpya, ila aliniambia kwamba aliyemtangulia alikuwa Mmaasai, aliacha kazi majani yalipokwisha tambarare, akaenda kuwasaidia ndugu zake kuhamisha ng'ombe. Nikaunganisha. Kijana alikuwa na mwenzake wa kuongea naye lugha yao pale uziuni, mwenzake ameondoka, sasa ana upweke. Amekosa cha kwao. Nilijiona hodari sana.

Dawa niliyoiona ilikuwa Siku ya Tamaduni. Kila kabila litakuwa na meza yake uwanjani, chakula chake, mavazi yake, bango la jina lake. Kamati iliipenda. Mabishano yalikuwa ya meza tu, maana kila mwamba ngoma huvutia kwake. Binti wa Kighare alikataa katakata kukaa chini ya bango la Wapare. Alisema Wagweno wana meza yao au hawaji, na mimi kwa kuwa nilimpenda nilimpa. Wa Tanga wakataka mbili. Mwishowe tuliazima meza hadi za maabara.

Meza ya Kimaasai niliipanga kwa mikono yangu. Niseme hapa jinsi tunavyomheshimu mgeni kwetu. Mgeni mkubwa akija Myamba, anaandaliwa pake. Anawekewa kiti kizuri, chakula chake kinafunikwa kwa kitambaa kilichofumwa, watoto wanafukuzwa, na watu wazima wanatoka nje ili ale kwa nafasi. Mgeni anayekula huku akitazamwa na kubughudhiwa ni mgeni aliyeaibishwa, na wewe mwenyeji umeaibika naye. Basi nilitafuta kibuyu sokoni, nikakijaza maziwa freshi. Nikatandika shuka jekundu juu ya meza, nikaweka kiti kimoja, cha ofisini, chenye mito. Kibuyu nikakifunika kwa kitambaa cha mama yangu.

Siku yenyewe upepo wa Same ulikuwa umeamka na hasira. Mabango yalipeperuka, vumbi likaingia kwenye vitumbua vya watu wa Tanga, lakini watu walijaa. Kijana akaja amevaa vizuri kabisa, mashuka mawili na ushanga. Alizunguka akisalimia kila meza, akafika kwenye yake, akasimama. Alikitazama kile kiti, halafu akakitazama kibuyu. Alisimama nyuma ya kiti, mikono juu ya mgongo wake, na hakuketi.

Mkuu wa chuo alifika na mpiga picha. "Karibu unywe, kijana," akamwambia. "Tupate picha moja."

Kijana alikinyanyua kibuyu kwa mikono miwili. Alikishika kwa muda, nikaona mifupa ya mabega yake chini ya shuka, nikashtuka. Lini amekonda hivi? Kisha akakirudisha mezani taratibu.

"Asante mzee," alisema. "Nimeshiba."

Mpiga picha alipiga hivyohivyo. Waziri wa chakula, kutoka meza ya jirani, alinitazama kwa jicho la si nilikwambia. Mpaka jioni kijana alikuwa amesimama palepale, akimjibu kila aliyemuuliza habari za simba na kurukaruka, na nilipokusanya vyombo kibuyu kilikuwa kizito kama nilivyokileta. Nilichukia. Nasema wazi, nilimchukia kidogo. Nilijisemea, kweli huyu anatudharau.

Jumatatu alikuja ofisini. Aliinamisha kichwa kama wanavyofanya vijana wao mbele ya wakubwa, nikamgusa utosini.

"Nimekuja kuaga, mwalimu. Nitafanya jaribio la wiki hii, halafu nitarudi nyumbani."

"Likizo bado."

"Sirudi kwa likizo. Naacha."

Hasira yangu ikayeyuka yote. Nilijua kidogo habari zake. Wazee wa kwao walimruhusu kuja chuoni kwa shingo upande, kwa maneno kwamba shule humeza watoto na haiwarudishi. Alikuwa wa kwanza katika boma lao kufika alipofika. Akirudi sasa hakuna atakayeruhusiwa baada yake, na yeye mwenyewe hatarudi tena. Alikuwa anafaulu. Hakuna mwalimu aliyekuwa na neno baya juu yake.

Na hapo, nikiwa nimeshauliza chuo kizima, ndipo nilipomuuliza yeye.

"Ile sahani. Unaipeleka wapi?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Kumbe hamjui?"

"Hatujui."

"Nilidhani mnajua, mkaona si kitu." Alifikiri kidogo, kama mtu anayetafuta pa kuanzia kumweleza mtoto. "Mwalimu, mimi ni morani. Morani hali peke yake. Hata maziwa hanywi peke yake, hata nyumbani kwa mama yake. Lazima awepo wa rika lake, wale pamoja. Yule mlinzi alikuwa rika langu. Nilikuwa napeleka sahani, tunakaa chini, tunakula pamoja. Alipoondoka niliendelea kwenda, labda atarudi."

"Lakini bwaloni mko mamia."

"Kila mtu ana sahani yake, mwalimu. Anainama, anakula, anaondoka. Wale ni watu wengi wanaokula peke yao."

Nimekula katika lile bwalo miaka na miaka.

"Sasa unaishije?"

"Siku ya mnada nakula sokoni na wenzangu waliokuja kuuza ng'ombe. Siku nyingine nakula kidogo, kama dawa, ili kichwa kisizunguke darasani. Mambo mengi nimeyalegeza tangu nije. Nakula vilivyopikwa na akina mama, nakula makande, siulizi. Hili limenishinda."

"Na ile meza niliyokuwekea?"

Alikuwa mwema sana yule kijana. "Ilikuwa meza nzuri. Ulihangaika."

"Niambie."

"Kwetu, mtu akiwekwa peke yake na chakula chake, watu wote wanamtazama, ni mtu aliyefanya kosa kubwa."

Nilitamani lile shuka jekundu lingenifunika mimi. Sisi na Wamaasai ni majirani tangu mababu: wanakuja mnadani, tunashuka mnadani, wananunua mahindi yetu, tunanunua ng'ombe wao. Tumetazamana miaka yote hiyo juu ya migongo ya mifugo, na sikujua anakulaje.

"Lazima huyo wa kula naye awe Mmaasai?"

Swali lile lilimshika. Nadhani hakuwahi kujiuliza. "Lazima awe rika," alisema mwishowe. "Rika si rafiki. Rafiki unamchagua. Rika ni wale mliopita pamoja mahali pagumu, upende usipende."

Nilimwomba asubiri mpaka Jumapili. Alikubali, akisema mimi ni mama yake hapa, na mama kaomba.

Kamati niliiita jioni ileile, na waziri wa chakula nikamwita pia. Niliwaeleza yote. Binti wa Kighare alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kwa hiyo tumemwadhibu mbele ya mkuu wa chuo, tukampiga na picha." Waziri aliinamia viatu vyake. "Kwakoa tunachunga nao," alisema. "Kisima kimoja. Lakini kula, hapana, hatujawahi kula nao." Hakusema tena kwamba anawajua.

Tukaanza kubishana namna ya kumpatia mtu rika. Mmoja alisema hatuwezi kumtahiri tena, watu wakacheka, kikao kikapumua. Mwingine akataka tumrudishe yule mlinzi, lakini nani angemfuata huko malishoni? Binti wa Kighare alikuwa anachora mistari mezani kwa kidole. Akauliza, "Mwalimu, bomba la bweni la wasichana litatengenezwa lini?"

Lilikuwa limepasuka tangu muhula uanze. Wasichana walichota maji kwa ndoo kutoka jikoni, na mkuu alikuwa akiahidi fundi. Shida ilikuwa mtaro. Ardhi ya Same kiangazi haichimbiki, inachongwa.

"Kwa nini tungoje fundi?" binti alisema. "Kwetu ingekuwa msaragambo."

Nilimwelewa kabla hajamaliza. Milimani kwetu, Upareni kusini na kaskazini, pembe hupigwa jioni kwenye kilima, na kesho yake kila nyumba inatoa mtu na jembe, kuchimba mfereji, kulima barabara, kujenga darasa. Msaragambo haukuulizi kama unampenda jirani yako. Asiyekuja anafuatwa nyumbani, anachukuliwa sufuria au kuku mpaka alipe kosa lake. Nimewaona watu wasiosalimiana wakishika ncha mbili za gogo moja kwa sababu gogo lilitaka watu wawili.

Ijumaa jioni waziri aliazima pembe kwa mzee mmoja mjini, akaipiga nje ya bwalo. Sauti iliyotoka ilikuwa kama ya ndama mgonjwa. Lakini wa milimani waliitambua, wakawaeleza wengine, na Jumamosi asubuhi walikuja hata waliokuwa hawajui wanakuja kufanya nini. Mabango hayakuwepo. Kila mtu alipewa alichokuta: jembe, sululu, koleo, karai.

Kijana naye alikuja, shuka kalifunga kiunoni. Nilimpa sululu mwenyewe kwa furaha. Aliipokea, akaitazama ardhi, akasimama vilevile alivyosimama nyuma ya kile kiti.

Nilimsogelea. "Nini tena, mwanangu?"

"Kwetu ardhi haichimbwi," alisema kwa sauti ya chini. "Ardhi ni majani ya ng'ombe. Wazee wa kwetu hawaichani."

Nilitaka kukaa chini nilie. Niliwahi wapi kulifikiria hilo? Nilimwambia aiache sululu, abebe mawe tu, na hivyo ndivyo alivyofanya asubuhi nzima. Alibeba mawe ambayo wengine waliyazunguka. Jua lilipanda. Wa Tanga walianza kuimba, Wasukuma wakaupokea wimbo wakauharibu, watu wakacheka, na mtaro ukasogea pole pole kuelekea bwenini. Mimi nilishika koleo, na mgongo wangu unakumbuka hadi leo.

Karibu na bweni tulikuta mwamba. Waziri wa chakula alikuwa mbele, akaupiga mpaka malengelenge ya viganja vyake yakapasuka, mpini ukawa na damu, na hakutaka kuuachia kwa sababu wasichana wanatazama. Kijana alitua jiwe alilobeba. Alimkaribia, akaushika mpini juu ya mikono ya mwenzake, akasubiri. Waziri akaachia. Kijana alisimama na sululu ile kitambo. Sijui alisema nini na wazee wake kichwani. Kisha akainyanyua, akapiga. Hakuwa na ufundi hata kidogo. Aliipiga ardhi kama anayemwomba mtu msamaha kwa nguvu zake zote, na waziri akachuchumaa pembeni akiondoa vipande kwa mikono ileile yenye malengelenge. Wakapokezana hivyo mpaka mwamba ukakubali.

Tulilaza bomba, na maji yakatoka mchana mkubwa. Wasichana walipiga vigelegele.

Mkuu wa chuo, kwa aibu ya fundi wake, alikuwa ametoa mbuzi, na wavulana walikuwa wakimchoma nyuma ya bwalo. Wapishi wakatoa makande na sahani kama kawaida. Hapo waziri wa chakula, mlalamikaji wangu, alifanya jambo ambalo sikumwelekeza. Alizirudisha sahani zote ndani. Akachukua sinia kubwa la kuchambulia mchele, akamwaga makande humo, akalibeba kwa viganja vilivyofungwa vitambaa, akatoka nalo kwa mlango wa nyuma. Alikwenda nalo mpaka uziuni, mahali palepale. Akaketi chini.

"Wee," alimwita kijana. "Njoo. Au mpaka tuchimbe kisima?"

Kijana hakwenda. Alikuja kwangu mimi. Aliinamisha kichwa, nikamgusa.

"Mwalimu, naomba nikusumbue. Kuna nyama. Morani hali nyama mbele ya mama."

"Unaona sasa!" binti wa Kighare alidakia. "Yaani mpango wa kukutanisha watu, wanawake watoke?"

"Si ninyi," kijana alisema. "Ninyi ni wasichana, kaeni. Ni mama mwenye watoto."

Walitazamana wote, wakanitazama. Wapishi wamesharudi jikoni, na uwanja mzima, mama mwenye watoto aliyesimama pale alikuwa mimi. Nilicheka, nikasema haya, kuleni salama, nikazunguka kona ya bwalo. Mimi ambaye nisingekubali jirani afungue mfuko wa sukari bila kuona, niligeuza uso nikaitazama milima.

Nilisikia sinia likisogezwa. Nilisikia ubishi wa nani kachukua pande la mwenzake. Halafu sauti zikapungua, kama zinavyopungua watu wakianza kula kwa dhati. Nilitega sikio niisikie ya kwake, sikuitambua. Sikujua kama anakula au amesimama tena.

Wapishi, waungwana wa kwetu, waliniona. Wakaniletea kiti, kile cha ofisini chenye mito. Wakaniletea kimeza, na nyama yangu kwenye sahani ya bluu, imefunikwa kitambaa. "Kula kwa nafasi, mwalimu," wakasema, wakaondoka ili wasinibughudhi.

Niliketi. Nilifunua kitambaa. Nilikuwa na njaa ya kuchimba tangu asubuhi, lakini pande la kwanza nililirudisha sahanini. Upande wa pili wa ukuta watu walikuwa wanacheka jambo ambalo sikulisikia vizuri.

Binti wa Kighare alitokea kwenye kona, mafuta yanametameta mikononi.

"Amekula?" nikamuuliza.

"Anakula. Wapishi wametoa maziwa, kampa waziri aanze, ndipo akanywa yeye. Sasa wanagombana, Jumatatu zamu ya kuosha masufuria ni ya nani. Yeye anasema ni yake."

Jumatatu. Nilirudia neno hilo mara kadhaa, taratibu, na machozi yakanitoka, na sikuyaficha.

Alinitazama mimi, akakitazama kiti, kitambaa, sahani. Aliketi chini kwenye vumbi, akaishusha sahani kutoka mezani, akaiweka katikati yetu.

"Shuka, mwalimu," alisema, akatia mkono.